Kabla hujanunua mashua, nenda kayapime maji

Juzi nilituma picha moja tu. Mashua yangu imefungwa kwenye kisiki katikati ya Bwawa la Mtera, chandarua kinaning'inia chini ya turubai, birika liko jikoni. Nilikuwa nimelala majini usiku wa tatu mfululizo. Kesho yake nikakuta ujumbe wa kijana wa Singida: "Kaka, shikamoo. Nina milioni nne. Nataka mashua ya kutembelea na kulala kama yako. Ninunue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi: usinunue bado. Jibu refu linaniuma, lakini nitalisema.

Mimi ni mtu wa Pangani na babu yangu alikuwa nahodha. Mwaka 2019 ofisi yetu ilipohamia Dodoma nilikuja nayo, na kilichonitesa hapa kuliko joto na vumbi ni kukosa maji ya kuyatazama. Miaka miwili nikaweka akiba. Nikashuka pwani, nikanunua mashua ya mbao ya mita saba, yenye mkuku mrefu, yaani uti wa chini unaozama majini, kwa sababu ilifanana na ya babu. Aliyeniuzia nilikuwa namwita ndugu. Nilimweleza wazi kwamba inakwenda Mtera, akanijibu, "Maji ni maji." Lile neno sijalisahau mpaka leo.

Tuliipandisha kwenye Fuso mwezi wa nane, ikakaa uani kwangu wiki tatu nikisubiri likizo. Aliyeishi Dodoma anakijua kiangazi cha huku: midomo inapasuka, na mlango uliokuwa unagoma wakati wa mvua unaanza kupwaya. Mashua nayo ni mbao. Asubuhi moja nikaingia chini yake kuangalia rangi, nikaona mistari ya mwanga. Mbao zilikuwa zimenywea. Kalafati, yaani pamba ya kuzibia kati ya mbao, imelegea, inaning'inia kama nyuzi za katani, na kidole changu cha mwisho kinaingia kati ya ubao na ubao. Majirani walishaipa jina la Safina. Watoto wao walipita kuichungulia, nami nikabaki nimeshika brashi ya rangi.

Hapo nikafanya kosa kubwa zaidi. Fundi mmoja wa mjini akanishauri nizibe nyufa zote kwa gundi ngumu. Nikaziba, nikapaka rangi, ikapendeza. Tulipoishusha Mtera mbao zikanywa maji, zikavimba, na kwa kuwa nyufa zilikuwa zimejaa gundi hazikuwa na pa kwenda. Zikang'oa misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Nilizisikia zikilia moja baada ya nyingine. Tukafua ngama, maji yaliyojaa tumboni mwa chombo, hadi mikono ikafa ganzi. Mzee mmoja mvuvi akanivuta hadi ufukweni, akaniambia, "Mwanangu, ungeizamisha makusudi siku nne ikanywa, kisha ungeiinua, ungeziba kwa pamba na mafuta palipobaki." Bure kabisa. Ushauri wa bure ulikuwepo, sikuwa nimeuuliza.

Ya mkuku nitayasema haraka. Tuliitengeneza, na safari ya pili tukapiga kisiki. Mtera ulijazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndani yake bado imesimama miti iliyokufa. Bwawa likijaa, uso wa maji unafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ya umeme ni mita 690. Kati ya hapo kuna mita nane na nusu. Kisiki unachopita juu yake mwezi wa tano bila kukijua, mwezi wa kumi kinakungoja chini ya povu. Mashua inayotaka kina cha karibu mita moja haifai pale. Ni nzuri, ni ya babu, na haifai.

Kwa hiyo anza na maji, ndugu yangu. Usianze na mashua.

Ninayolalia sasa ilichongwa palepale ufukweni, kwa mbao zilizokaushwa na hewa ya huku. Ina mita sita na chini yake ni bapa, inaelea penye maji ya magotini. Mlingoti, tanga na usukani nilivitoa kwenye ile ya kwanza. Mlingoti tuliukata kidogo. Chombo bapa kikisukumwa na upepo huteleza ubavu, kwa hiyo nimefunga mbao mbili za ubavuni, moja kila upande, zinazoshushwa kwa kamba. Ikigonga kisiki, ubao unapanda wenyewe. Jambo hili ndilo ninalojivunia kuliko yote, na lilinigharimu mbao mbili na bolti mbili.

Chini ya sakafu na kwenye omo, yaani mbele ya chombo, nimepanga madumu matupu ishirini ya lita 20, yamefungwa vifuniko na kukazwa kwa kamba yasihame. Hizo ni lita 400 za hewa: ikijaa maji haitazama, nitabaki na kitu cha kushika. Usiku foromali, ule mti unaobeba tanga, inalazwa, turubai linapita juu yake, tayari ni hema. Napikia mtungi mdogo wa gesi, lakini hausimami chini sakafuni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutulia tumboni mwa chombo ikisubiri kiberiti. Mtungi wangu unakaa juu, kwenye sanduku lenye matundu yanayotokea nje. Jiko la mkaa ndani ya turubai usithubutu kabisa, watu wanalala wasiamke.

Nanga yangu ni jiwe. Ya chuma yenye makucha hung'ang'ania matawi, nimeshapoteza mbili. Tena usilale karibu na nyasi za ufukweni, viboko hutoka usiku kwenda kula na njia yao hawaibadilishi kwa ajili yako. Mashua ikikaa nchi kavu ifunike kwa magunia na uyalowanishe kila jioni. Na ipelekeni kwa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ikaguliwe. Vijana wengi mnapenda kuanza na picha, na jaketi la kuokolea maisha mnaliona ni mzigo. Babu hakuwahi kuwa nalo, ni kweli, na wenzake wawili hawakurudi.

Sasa wewe wa Singida. Ziwa lako ni Singidani, na maji yale yana chumvi. Chuma utakachofunga kitaliwa, kwa hiyo misumari na bolti visiwe vya kawaida. Halafu halina kina kirefu, mkuku usahau. Kabla ya kumpa mtu yeyote shilingi, azima mtumbwi, chukua fito ndefu yenye alama kila nusu mita, uzunguke ukipima na kuandika. Rudia kiangazi kikikolea. Milioni nne zitakungoja.

Mwezi wa kumi nitakuwa Mtera, upande wa Mpwapwa, maji yakiwa yamekwenda chini kabisa na visiki vyote viko wazi. Njoo na hiyo fito.