Usiimalize Sebene Mlangoni

Harusi ya kwanza niliyopiga muziki peke yangu ilikuwa Katuba, katika lupango (uwanja wa nyumba) wa familia, mwezi wa Julai, wakati ile baridi ya Lubumbashi inawafanya wageni wavae makoti juu ya nguo za sherehe. Nilikuwa na kompyuta moja, bafle (spika) mbili za kukodi na hamu kubwa ya kuonekana. Maarusi walipofika langoni niliweka rumba, wasimamizi na watoto wa maua wakaanza hatua zao ndogondogo, nami nikauacha wimbo ujiendee. Kabla hawajafika hata katikati ya njia, magitaa yakabadilika, sebene, ile sehemu ya kuchezwa kwa nguvu, ikaingia. Watu wakaruka. Shangazi wa bwana harusi akavua viatu. Noti zikaanza kubandikwa kwenye vipaji vya nyuso za maarusi palepale njiani. Nikajiona fundi.

Ulipofika wakati wa zawadi, nikaita nguvu ileile. Haikuja. Watu wamekaa, wanapiga makofi ya adabu. Shangazi yule akanijia mezani na kuniambia polepole: "Mwana, nguvu yetu yote uliimaliza ku mulango."

Tangu siku hiyo, kila harusi kwangu ni swali moja: sebene itoke lini?

Asiyepiga muziki huenda haoni tatizo liko wapi. Rumba yetu mara nyingi ina nusu mbili. Ya kwanza inaimbwa, inatembea taratibu, mtu anaweza kuicheza akiwa na mtoto mgongoni. Ya pili ni sebene: waimbaji wanarudi nyuma, gitaa la solo na mi-solo (gitaa linaloisaidia solo) vinashika usukani, atalaku, yule mpiga mayowe wa kuchangamsha watu, anaanza kelele zake. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba katika orodha yake ya urithi, kwa ombi la Kongo zote mbili, lakini hakuna aliyeandika humo kwamba ni mzigo hatari mikononi mwa DJ mchanga.

Kwa hiyo sikiliza kila wimbo nyumbani, mpaka mwisho, na uandike dakika ambayo sebene inaanza. Weka alama kwenye mashine ili uweze kurudi kwenye ubeti bila watu kushtuka. Kuingia kwa maarusi kunaweza kuchukua dakika 15, maana mpiga picha anawasimamisha kila baada ya hatua tatu, na watoto wa maua nao wana safari zao. Usiangalie uso wa bibi harusi. Angalia miguu ya wale watoto. Wakianza kukosea, wimbo umekuwa mrefu kuliko mazoezi yao.

Hotuba na chakula visikuchoshe. Wakati wa hotuba, nyamaza kabisa. Wakati wa chakula weka rumba za zamani kwa sauti ya chini, na usijaribu kumchezesha mtu mwenye bukari (ugali) mkononi. Januari, mvua ikipiga mabati ya sale (ukumbi), usishindane nayo: ongeza sauti ya mikro (maikrofoni), si ya muziki.

Zawadi ndizo zinazomtofautisha DJ na mtu mwenye flashi ya nyimbo tu. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na wachimbaji waliletwa kutoka Kasai, kutoka ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia ya leo, na mbali zaidi. Ndiyo maana harusi moja ya Kamalondo inaweza kuwa na ngoma nne tofauti. Mama wa Kasai hatabeba sufuria mpya kichwani kwa wimbo wowote tu. Anataka mutuashi, ngoma ya kwao, kiuno kijibu. Wabemba wakiitwa, tafuta kalindula, muziki wa upande wa Zambia. Wiki mbili kabla, kaa na mzee mmoja wa kila upande na uulize familia zitaitwa kwa mpangilio gani. Bwana harusi usimuulize, hajui kitu. Na kama wazazi ni watu wa kanisa, uliza bila aibu: muziki wa dunia unaruhusiwa kuanzia saa ngapi, au hauruhusiwi kabisa? Mimi niliwahi kuuliza nikiwa nimeshachelewa, pasta akiwa amesimama.

Usizime wimbo pale zawadi ya kwanza inapowekwa mezani. Angalia mkia wa msururu. Huko nyuma kuna bibi mmoja anakuja polepole na kitenge chake, amekingojea kitendo hiki tangu mjukuu alipozaliwa. Ukikata kabla hajafika, umemkata yeye. Na pima dakika za pande zote mbili, kwa sababu familia zinahesabu hata kama hazisemi.

Jambo dogo la mabanga: nyimbo nyingi zina majina ya matajiri yanayotajwa katikati. Niliona baba mkwe akiuliza meza nzima, "Huyu anayeitwa kila mara ni nani, mchumba wa zamani?" Yasikilize hayo nayo.

Baada ya maarusi kufungua dansi, wape wazee nusu saa yao kwanza. Wao ndio wanaoondoka mapema, mwenye gari anawangoja. Vijana watakujia na simu zao wakitaka vitu vyao. Wajibu "iko njiani, yaya" (yaani kaka au dada), na uendelee. Wakati wazee wamepasha moto miguu na hawajachoka, hapo ndipo unaifungua sebene, nao vijana watajikuta wamesimama bila kuitwa.

Umeme ukikatika, shusha sauti yote kabla ya kuwasha tena, la sivyo bafle zitapiga kishindo na pengine kuungua. Kule Kampemba ulikatika katikati ya sebene. Gizani, wamama hawakukaa: mmoja akashika wimbo kwa mdomo, wengine wakaupokea kwa makofi, mtu akagonga chupa ya bia ya Simba kwa kijiko. Jenereta ikanguruma, taa zikarudi, vijana wakanigeukia. Niliuacha mkono juu ya kitufe cha sauti, kikiwa chini kabisa, wakaimba ubeti mwingine, na mwingine, mpaka yule mama aliyeanzisha alipoishiwa pumzi, akacheka, na kuniita kwa kidevu.