Usisaini Mahudhurio Ukanyamaza

Juzi usiku kijana mmoja wa Mingoyo, Lindi, aliniandikia: "Shikamoo mama. Jumamosi tumeitwa kwenye mkutano wa mpango mji. Nyumba yangu iko kando ya barabara kuu, imefika lenta. Niende, au nitapoteza siku bure?"

Marahaba mwanangu. Nilianza kumjibu kwa ujumbe, nikaona jibu linazidi kurefuka. Najua pia kwamba wengi mnaonisoma mnajenga kama yeye: tofali mia leo, saruji mifuko kumi korosho zikilipwa. Basi nawajibu nyote.

Mwaka 2014 nilinunua shamba dogo lenye mikorosho mitano, nje kidogo ya Mtwara mjini. Mnaukumbuka wakati ule. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, wageni wamejaa, chumba cha kupanga kinagombaniwa, na kila mwenye akiba anatafuta kiwanja. Mimi nilitaka nyumba ya kuishi na vyumba vinne vya kupangisha uani. Nikachimba msingi.

Haukupita muda tukaitwa shuleni. Wataalamu wa mipango miji walikuja na mchoro mkubwa, wakaubandika ubaoni, wakatueleza mji wa miaka ishirini ijayo: makazi hapa, viwanda kule, barabara mpya huku. Nilikaa safu ya nne. Niliona mstari mwekundu wa vipande vipande ukipita upande wetu, nikadhani ni mpaka wa mtaa. Sikuuliza. Niliona haya, wazee walikuwa wanazungumza, na mimi pale nilikuwa mgeni. Karatasi ya mahudhurio ilipozungushwa nikasaini, nikaandika na namba ya simu, nikanywa soda yangu, nikaenda zangu Feri kununua samaki.

Miaka iliyofuata siielezi. Nilijenga.

Siku wapima walipokuja, bikoni, ile alama ya mpaka ya wapima ardhi, ilisimikwa sebuleni kwangu. Ule mstari mwekundu ulikuwa barabara. Nilipokwenda kulalamika, kijana mpole kabisa alifungua faili, akageuza kurasa, akaniwekea kidole: "Mama, hii sahihi si yako?" Ilikuwa yangu. Hata namba ya simu niliiandika kwa mwandiko mzuri, tarakimu moja moja. Simtaji yeye wala ofisi yake, maana hakunidanganya. Lakini swali lile linanichoma hadi leo. Fidia ilikuja, ikatosha kiwanja kingine na mabati. Nguvu zangu na usingizi wangu havikuwa kwenye fomu ya uthamini.

Tangu hapo mji wangu nautazama kwa jicho jingine. Mtwara hii tunayoishi ilichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya karanga. Waingereza walianza mradi wao mwaka 1947, wakapanga bandari, reli ya kwenda Nachingwea na mji wa barabara pana. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Sisi tumebaki na umbali. Shangani iko kule, soko liko huku, na mama mwenye ndoo kichwani anakatiza nafasi tupu iliyoachiwa mji ambao haukuja. Wakulima waliojua ardhi ile inakubali nini na mvua inakataa lini hawakuulizwa. Siwezi kuwasema babu zangu kwamba walinyamaza, kwa sababu wao hawakuitwa. Mimi niliitwa.

Kwa hiyo mwaka huu, tulipoambiwa mpango unapitiwa upya, sikungoja siku ya mkutano. Mimi na jirani yangu, mwalimu mstaafu, tulikwenda ofisi ya kata siku kadhaa kabla tukaomba kuuona mchoro. Tuliutazama karibu saa nzima. Njia ya miguu tunayopita kwenda shuleni na kituo cha daladala haikuwepo. Palichorwa viwanja vilivyopeana migongo toka mwanzo hadi mwisho, kana kwamba kwetu hakuna mtu anayetembea.

Tukakaa njiani asubuhi tatu mfululizo kuanzia saa kumi na moja na nusu, tukipiga kijistari kwa kila anayepita: wanafunzi ukurasa huu, akina mama wa samaki ule, wenye baiskeli chini. Kurasa nne za daftari zikajaa. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja tukaiacha, nyingine tukagongewa muhuri wa kupokelewa.

Mkutanoni watu walizungumza gesi, wakazungumza bei ya korosho, wakakumbushana nani aliahidi nini. Yote ni ya kweli na yanauma, ila hakuna mtaalamu aliyeinamisha kalamu. Zamu yangu ilipofika nilisimama. Habari ya sebule yangu iliniwasha ulimi, nikaimeza. Nikasema njia hii mnayoifunga wanapita hawa, nikasoma daftari. Mtaalamu akaja mwenyewe mpaka nilipo, akaomba alione.

Wiki iliyopita mchoro uliorekebishwa ulirudi. Njia ipo! Viwanja viwili vimepunguzwa ili ipite. Kituo cha daladala tulichoomba kisogezwe hakikusogezwa, na hilo tutaliandikia tena.

Sasa wewe wa Mingoyo: nenda. Na nenda kabla ya mkutano, mchoro usomwe wakati kipaza sauti hakijawashwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwakutanishe wadau, wenye ardhi wakiwemo. Hakuna anayekufanyia hisani. Chukua futikamba upime kutoka katikati ya lami hadi ukutani kwako. Zamani hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, ilikuwa mita 22.5 kila upande. Baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imekuwa mita 30. Waliojikuta katikati ya vipimo hivyo viwili ndio waliochorewa X ya kijani ukutani, wangoje fidia. Walio ndani ya zile 22.5, karibu zaidi na lami, walichorewa nyekundu. Ujue wewe uko wapi kabla hujasimama kuzungumza, kisha uandike, na barua igongwe muhuri.

Wenzako watakwambia yote yameshaamuliwa, mnaitwa kupiga picha tu. Msiwasikilize, wanangu. Nami niliamini hivyohivyo pale safu ya nne, nikaona soda ina maana kuliko swali. Mnataka nyumba, mnataka hati, mnataka watoto wafike shuleni bila kukimbizana na malori, halafu mnaona uzito kuuliza mstari mmoja!

Leo Jumanne. Kesho asubuhi nenda ofisi ya kata, omba mchoro, tafuta mahali nyumba yako ilipo, weka kidole hapo, na kila mstari unaopita karibu na kidole chako uulize jina lake.