Mshahara wa bamvua

Mwaka 2021 simu yangu haikulala. Saa kumi na moja alfajiri ujumbe unaingia: mtu hakuja kazini, waweza kushika zamu? Tunalipa mara moja na nusu. Saa nane mchana ejensi, yaani kampuni inayopeleka wafanyakazi wa zamu kwenye nyumba za wazee: dola 27 kwa saa, malipo kila Ijumaa. Mimi naangalia wazee huku Minneapolis, kazi ambayo Wakenya wengi wa Minnesota tumeanzia, na kabla ya corona nililipwa dola 16 na nusu. Siku hizo kuomba ruhusa ya kwenda matangani ilikuwa kesi. Ghafla msimamizi yule yule ananiletea kahawa na kuniuliza watoto hawajambo.

Wadogo zangu wanaofika sasa husimuliwa miaka ile kwenye harusi na harambee, halafu wananipigia: dada, hizo pesa za ejensi bado zipo? Zilikuwapo. Nilizishika kwa mikono yangu, na nyingi zikanivuja. Bora niwaeleze zilivyovuja.

Kwanza mjue kwa nini tulitafutwa. Machi 2022 nafasi za kazi zilizokuwa wazi Marekani zilipita milioni 12, karibu nafasi mbili kwa kila mtu asiye na kazi. Watu waliobakisha miaka miwili mitatu walistaafu mapema. Kina mama wengi walibaki nyumbani kwa kuwa shule zilifungwa na vituo vya kulelea watoto navyo havikuwa na walezi. Viza zilikwama, kwa hiyo wageni ambao kwa kawaida huchukua kazi kama yangu hawakuingia. Na wengine walikufa. Kufikia Mei 2022 Marekani ilikuwa imepoteza zaidi ya watu milioni moja kwa ugonjwa ule, na kwenye jengo nililokuwa nikifanyia kazi kuna vyumba nilivyovifunga mwenyewe. Mtu asikudanganye kwamba waajiri walizinduka wakaona thamani yetu. Tulikuwa wachache, basi.

Baba yangu alikuwa mvuvi Takaungu, pwani ya Kenya. Mashua yake ikitaka kukalafatiwa, yaani kuzibwa mianya ya mbao, alisubiri bamvua. Maji yakijaa kupita kawaida, chombo husukumwa hadi juu kabisa ufuoni, kikafungwa. Maji yakitoka kinabaki pakavu, na siku za maji mafu, yasiyojaa sana, fundi anafanya kazi yake bila kuchungulia bahari. Ukizubaa, maji yanakuacha katikati ya mchanga. Umepwelewa, hufiki juu wala hurudi chini. Mimi, binti wa mvuvi, nilipwelewa Minnesota, mahali pasipo bahari.

Nilianza kwa kununua gari. Zamu zilikuwa nyingi na za mbali, na gari langu la zamani lilikuwa linakohoa, basi Julai 2021 nikachukua lililotumika, mkopo wa miezi 72. Sikuuliza kwa nini uwanja wa muuzaji ulikuwa mtupu nusu. Viwanda vilikosa vipuri vya elektroniki, magari mapya hayakutoka, na kufikia Juni mwaka huo bei ya magari yaliyotumika Marekani ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 45 katika mwaka mmoja. Nilinunua kileleni, tena nikitabasamu. Miaka miwili baadaye deni lilikuwa kubwa kuliko thamani ya gari lenyewe, na nilipotaka kuliuza nikaambiwa niongeze pesa juu ndiyo liondoke. Ukiwa na pesa katika msimu ambao kila mtu ana pesa, kitu cha kwanza cha kuhofia ni kile ambacho kila mtu anakikimbilia. Tengeneza gari lako la zamani.

Halafu kuna nyongeza. Mwajiri wangu wa kudumu, ambaye nilimfanyia siku tatu kwa wiki, Juni 2022 alinipandisha kutoka dola 16 na nusu hadi 18. Tulipewa keki. Piga hesabu na mimi: dola moja na nusu juu ya 16 na nusu ni kama asilimia tisa na nukta moja. Takwimu za mfumuko wa bei za mwezi huo zilipotoka, zilisema bei zimepanda kwa asilimia 9.1 tangu Juni ya mwaka uliotangulia, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1981. Yaani nilikuwa pale pale nilipokuwa, pamoja na keki. Mwezi huo huo wastani wa bei ya petroli ulivuka dola tano kwa galoni, na mimi ndiye mwendesha gari la deni kwenda zamu za mbali.

Tangu hapo nina daftari. Si programu ya simu, daftari. Kila Januari naandika bei za vitu kumi ninavyonunua kweli: kodi ya nyumba, petroli, maziwa, mayai, mchele wa gunia, bima. Ukipewa nyongeza, iweke kando ya hivyo kumi kabla hujamshukuru mtu.

Kwenye chumba cha mapumziko tuligombana kweli kweli. Muuguzi mmoja, Mmarekani, alisema lawama ni za hundi za serikali: dola 1,200 mwaka 2020, kisha 600, kisha 1,400 Machi 2021, na juu yake nyongeza ya dola 300 kwa wiki kwa wasio na kazi. Nani atakuja kuogesha wazee akilipwa kukaa? Karibu nusu ya majimbo yaliikata nyongeza hiyo mapema, kiangazi cha 2021, na bado kwa sehemu kubwa watu hawakumiminika kazini kama ilivyotabiriwa. Mwingine, mpishi, alishikilia kwamba ni tamaa ya makampuni, na akituonyesha boksi la nafaka lililopungua unene huku bei ikiongezeka. Huko juu wakubwa nao walikuwa na mgogoro wao. Larry Summers, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, alionya Februari 2021 kwamba mpango wa Biden wa dola trilioni 1.9 unaweza kuwasha mfumuko wa bei. Jerome Powell, aliyekuwa mkuu wa benki kuu ya Marekani, alisema ni wa kupita, hadi mwishoni mwa Novemba akakiri kwamba neno hilo sasa liachwe.

Mimi nilipenda kuwauliza: na mamangu? Mamangu hakupata hundi ya mtu yeyote, na Takaungu mafuta ya kupikia yalipanda vilevile. Vita vya Ukraine viligusa ngano, Indonesia ikazuia mauzo ya mafuta ya mawese nje kwa wiki kadhaa kuanzia mwishoni mwa Aprili 2022, na pakiti ya unga ya kilo mbili Kenya ikapita shilingi 200. Kwa hiyo hundi peke yake haielezi. Lakini pia sikuweza kumpuuza yule muuguzi moja kwa moja, maana hizo hundi ndizo zilizojaza meli bidhaa za Wamarekani hadi nauli ya kontena ikapaa kwa kila mtu, Mombasa ikiwemo. Wote nawapa nusu nusu.

Kosa langu lilikuwa kusikiliza ugomvi ule kama mpira, nikishangilia upande, badala ya kutazama unaniendea wapi. Wakubwa walipokubaliana kwamba bei ni tatizo, dawa waliyoshika ni riba. Machi 2022 riba ya benki kuu ilikuwa karibu na sifuri. Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Mikopo ya nyumba iliyokuwa asilimia tatu hivi ilivuka saba Oktoba 2022. Na kadi za mkopo, ambazo riba yake hupanda yenyewe bila kukubishia hodi, zilivuka ishirini. Mimi nilikuwa na deni la dola 4,000 kwenye kadi ambalo ningeweza kulimaliza kwa miezi mitatu ya ejensi. Nilikuwa nalipa kiwango cha chini tu, nikisema pesa si inakuja? Ukisikia wakubwa wanabishana kuhusu bei, lipa deni lenye riba inayobadilika kabla hawajamaliza kubishana.

Ejensi yenyewe, maji yake yalitoka mwaka 2023. Dola 27 ikawa 21, kisha zamu zikaanza kufutwa saa mbili kabla. Ejensi yangu haikuwa na bima ya afya wala likizo yenye malipo, mambo ambayo nilipokuwa na nguvu niliyaona ya wazee. Rafiki yangu mmoja alivutwa na bonasi ya kujiunga ya dola 3,000 kwenye nyumba nyingine ya wazee. Sehemu kubwa ilikuwa ilipwe baada ya mwaka mzima. Aliondoka baada ya miezi kumi na moja tu kwa sababu ya mgongo. Bonasi huisha, lakini mshahara wa msingi haurudi chini kirahisi. Ukiwa unatafutwa, omba huo wa msingi, omba wakulipie masomo, na uandikiwe.

Mwenzangu Mkamba, tuliyeanza naye siku moja, alifanya hivyo. Hakununua gari. Alimwambia mwajiri, nitabaki, lakini nilipieni shule ya uuguzi, na mwaka 2021 walikuwa na shida kiasi kwamba walikubali. Pesa zake za ovataimu aliziweka katika hati fungani za serikali ya Marekani zinazofuata mfumuko wa bei, ambazo kati ya Mei na Oktoba 2022 zilitoa asilimia 9.62 kwa mwaka. Alinieleza mara mbili. Nilimwambia nitafikiria. Leo ni muuguzi, na maji yalipotoka chombo chake kilikuwa juu, kimefungwa.

Lililobaki ni nyumba. Nilikuwa najenga Takaungu, na shilingi ilipoanguka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, nilijiona tajiri; nikamwambia fundi aongeze vyumba viwili na mabati ya rangi. Februari serikali ya Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 sokoni kulipa deni lililokuwa linakaribia, wasiwasi ukatulia, na kabla ya miezi miwili shilingi ilikuwa imerudi 130 hivi. Vyumba viwili vimesimama kwenye lenta. Sasa nafanya bajeti ya kwetu kwa shilingi, nikihesabu dola kwa 125, na ikizidi hapo ni ya saruji.

Mamangu amekuwa mtaalamu. Kila Jumatatu ananitumia ujumbe wa sauti, kwanza salamu, kisha wagonjwa, kisha bei ya unga, kisha dola. Wiki hii 129. Gari nitamaliza kulilipa Julai 2027.