Muulize Babu wa Sinema: Mbona anayekaribia kutoka ndiye anayekufa?

SWALI: Shikamoo Babu. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, amezama kwenye filamu za vijana wanaokulia mitaa ya Wamarekani Weusi. Nimekaa naye tukatazama mbili, Boyz n the Hood na Menace II Society. Zote mbili, kijana aliyebakiza hatua moja tu atoke mtaani ndiye anayepigwa risasi. Mimi naona ni ujanja wa kututafutia machozi. Na mabinti je, hawakui humo? Nimzuie au nimwache aendelee? – Mama Kijana

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kujiumbua. Kanda yangu ya kwanza ya Boyz n the Hood ilikuwa nakala ya nakala, na aliyeirekodi aliukata mwisho ili apate nafasi ya kuingiza mieleka. Ilikatika pale Doughboy, rafiki na jirani wa Tre, kijana mhusika mkuu, anapovuka barabara asubuhi kurudi kwao. Kwa hiyo miaka mingi nilikuwa nawasimulia watu, tena kwa mbwembwe, kwamba Doughboy alinusurika. Nilipokuja kuipata nzima nikakuta anafifia polepole mpaka anatoweka, kisha yanatokea maandishi: kesho yake alimzika ndugu yake Ricky, yule aliyepigwa risasi, na wiki mbili baadaye naye akauawa. Tre akaenda chuo cha Morehouse, Atlanta. Basi, hakuna hotuba.

Sasa hilo la ujanja. Kuna mahali una haki. Filamu ile ilitoka 1991, ikagharimu dola milioni 6 na ushei, ikaingiza zaidi ya milioni 50, na wenye studio wakanusa pesa. Zikafuata nyingine ambazo kwa kweli ni bastola na muziki tu. Lakini kifo cha kijana mwenye nafasi ya kutoka hakikuanzia hapo. Tafuta Cooley High ya 1975, iliyowekwa Chicago ya 1964. Vijana wanadandia nyuma ya basi kwenda kuangalia wanyama, wanacheka, wanatoroka shule, wewe unadhani umekaa na vichekesho. Mmoja wao, Cochise, anapata nafasi ya chuo kwa ajili ya mpira wa kikapu. Anapigwa mpaka kufa chini ya reli ya treni inayopita juu ya barabara. Rafiki yake Preach anangoja waombolezaji waondoke, anamsomea shairi kaburini, kisha anaondoka kwenda kuwa mwandishi wa filamu. Aliyeiandika, Eric Monte, alikulia Cabrini-Green, mtaa wa kulekule Chicago, na yeye mwenyewe aliondoka akaenda Hollywood kuandika.

Umeona inapokwenda? Anayesimulia ni yule aliyebaki hai. John Singleton, mwongozaji wa Boyz, alikulia South Central, Los Angeles, akaichukua kamera akiwa na miaka 22 na ushei, na Tre ana mengi ya Singleton mwenyewe. Alipoteuliwa kuwania Oscar ya uongozaji alikuwa na miaka 24, na mpaka hapo hakuna Mweusi aliyewahi kuteuliwa kwa tuzo hiyo. Kijana wa umri huo haketi kutunga kanuni ya kuliza watu. Anakumbuka waliokuwa wakicheza naye. (Pacha wa Hughes, walioongoza Menace, walikuwa na miaka 21 ilipotoka 1993; wao waliigeuza kabisa: anayetusimulia, Caine, ndiye marehemu.)

Ila nikuombe uirudie Boyz na kijana wako, safari hii bunduki ziwekeni pembeni mtazame nyumba. Ziko mbili, zinatazamana barabara katikati. Upande huu baba, Furious, anampokea Tre wa miaka 10 na siku hiyohiyo anamkabidhi reki akusanye majani uani. Wenzake wanamcheka kwamba baba yako mkali kuliko zimwi. Upande wa pili mama ana watoto wawili wa baba tofauti. Ricky anasifiwa, Doughboy anaambiwa hafai kitu, ni kama baba yake. Risasi zinapokuja, Ricky anatoka dukani, ametoka kukwangua tiketi ya bahati nasibu. Baadaye mama anafungua bahasha ya mtihani wa kuingia chuo. Alihitaji alama 700. Amepata 710.

Usiku huo Tre naye anapanda gari la kulipiza kisasi. Reki yote ile, na bado anapanda. Kisha katikati ya safari anasema mniteremshe. Nyumbani Furious ameketi gizani, anazungusha vyuma viwili vya mviringo mkononi, anangoja. Mtoto anaingia, wanatazamana, hawaambiani neno. Simamisha filamu hapo umuulize kijana wako kwa nini hawasemi. Usimjibie.

Menace ningeichelewesha. Si kwa sababu ya damu peke yake. O-Dog, rafiki wa Caine, anaua wenye duka mwanzoni kabisa, anachukua kanda ya kamera ya dukani, halafu anawawekea marafiki waitazame kama burudani. Ukiwa mtu mzima unaona aibu, kwa sababu na wewe umeketi unatazama. Kwa miaka 15 ni rahisi kucheka pamoja na O-Dog.

Mabinti wapo, ila wamebanwa pembeni. Mtafutie Crooklyn ya mwongozaji Spike Lee, 1994, aliyoiandika na ndugu zake wawili: Brooklyn ya miaka ya 1970, Troy ndiye binti pekee kati ya kaka na wadogo zake wa kiume. Mtoto anakataa kula kunde, vita mezani. Mama anawaamsha wote usiku kwa sababu jiko wameliacha chafu. Troy akipelekwa kwa ndugu kusini, picha yote inabanwa, watu wanakuwa wembamba kama vijiti. Usiite fundi, Lee alifanya makusudi. Humo pia mtu anakufa, lakini kwa ugonjwa.

SWALI: Babu, Moonlight nayo ni ya kundi hili, au watu wanaipachika tu? – Msomaji wa kila mwezi

JIBU: Ni ya humohumo. Liberty City, Miami, mtaa aliokulia mwongozaji Barry Jenkins na pia Tarell Alvin McCraney aliyeandika kisa chenyewe. Mtu mmoja, waigizaji watatu: mtoto, kijana, mtu mzima. Anayemlea ni Juan, muuza dawa za kulevya, na mama wa mtoto anazitumia dawa hizo. Mtoto anamuuliza mezani kama anauza. Juan anasema ndiyo. Mtoto anainuka, anaondoka.