Nimewaficha wakwe kabila langu, je ndoa itaswihi?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 29, nakaa Mbagala, nauza spea za magari Gerezani. Baba yangu Mmakonde wa Newala, mama Mzaramo wa Kisarawe, mimi nimezaliwa hapahapa Dar na Kimakonde sikijui zaidi ya salamu. Nina mchumba, kwao ni watu wa asili ya Kishihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut. Mzee wake aliponiuliza sisi ni watu wa wapi nikamjibu babu yangu alikua Mngazija, mtu wa Komoro. Binti ukweli anaujua na ndo aliyenishauri niseme hivo, anasema baba yake akisikia Mmakonde basi posa inarudi siku hiyohiyo. Kwenye posa nilienda na wajomba tu, baba nilimuacha nyumbani kwa sababu ya lafudhi yake na ana chale usoni. Mahari wameshapokea, akdi ni mwezi ujao, na mimi usiku silali. Je ndoa itaswihi? Na je Uislamu unamruhusu mzee kunikataa kwa ajili ya kabila?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh kijana wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na pale uliposema baba ulimuacha nyumbani ndo paliponiumiza kuliko pote, nitaparudia.

Tuanze na la ndoa mana jibu lake ni fupi. Ndoa kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii ina nguzo zake, mume, mke, walii yaani msimamizi wa binti, mashahidi wawili na lile tamko la kuozesha na kukubali, zikitimia ndoa imeswihi na kabila halimo humo. Ila wanazuoni wameongea kuhusu mtu anayeolewa au anayeoa kwa sharti la nasaba fulani, yaani ukoo, alafu ikaja kuonekana sio, kwa mfano ndani ya akdi yenyewe iseme anaozeshwa fulani kwa sharti ni Mngazija. Hapo kauli yenye nguvu ni kwamba ndoa inaswihi, lakini mwanamke akikuta mume yuko chini ya kile kilichoshurutishwa anakua na khiyari, akitaka anabaki, akitaka anavunja. Na yale yaliyosemwa sebuleni kabla ya akdi hayana nguvu kama sharti lililo ndani ya akdi. Kwa hiyo ukiniuliza kifiqhi tu ndoa yako itasimama, na binti mwenyewe anajua ukweli.

Lakini ndugu yangu, hicho sicho kinachokunyima usingizi. Mtu halali kwa sababu ya dhambi, na dhambi hapa ipo.

Mtume swalla Allahu alayhi wasallam amesema katika hadithi aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas, na imo kwa Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kujinasibisha na asiyekua baba yake naye anajua kua huyo si baba yake, basi Pepo kwake ni haramu. Utaniambia sheikh mimi baba sikumkana, nimebadilisha babu tu. Sikiliza, babu ni baba. Nabii Yusuf akiwa jela alisema nimefuata mila ya baba zangu Ibrahim na Is-haq na Yaaqub, na Yaaqub peke yake ndo aliyemzaa, hao wengine ni babu na baba wa babu. Sasa yule mzee wa Newala aliyelima korosho na mihogo akamlea baba yako, wewe umemfuta kwa neno moja sebuleni kwa mzee ukamuweka Mngazija ambaye hayupo, hata jina hana. Sikutishi kwamba umetoka kwenye dini, hapana, ila mlango huo umeukaribia na inabidi urudi nyuma haraka.

Nataka tuiangalie aya ambayo kila mtu anaisoma kwenye mahafali na mihadhara, ya 13 katika Surat Hujurat. Allah anasema ametuumba kwa mume na mke, akatufanya mataifa na makabila, lita'arafu, ili tujuane. Alafu akamaliza kwamba mbora wenu mbele ya Allah ni yule mchamungu zaidi. Watu wengi huku mjini wameielewa kana kwamba inasema kabila halina maana, tuliache, sisi wote Waswahili basi imeisha. Haijasema hivo. Imesema kabila kaliweka Yeye mwenyewe, na kaliweka kwa kazi maalumu, kujuana. Sasa mwenye kujitukuza kwa kabila lake anaiharibu ile kazi kwa sababu hataki kukujua, ameshakuhukumu kabla hujafungua mdomo. Na mwenye kuficha kabila lake naye anaiharibu, kwa sababu utajuana vipi na mtu uliyemzuia asikujue? Wewe na baba mkwe wako mmekutana sebuleni, mmekunywa kahawa, mmekubaliana mahari, na bado hamjajuana. Amemposesha binti yake kwa mtu mwingine kabisa.

Najua kwa nini uliogopa. Mimi mwenyewe baba yangu Mmanyema na mama yangu Mzaramo, nimekulia Kariakoo, na maneno ya mji huu nayajua. Mmakonde anachekwa chale zake na lafudhi yake, Mzaramo anaambiwa anapenda ngoma kuliko kazi, Mchaga pesa, Muhaya majivuno, na kila mmoja akitoka kuchekwa anaenda kumcheka mwenzake wa chini. Wanasema ni utani. Utani una heshima yake, Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana mpaka msibani na mtani ndo anayechekesha watu huku ameshika jeneza, huo ni undugu na wazee waliuweka wakijua wanachofanya. Lakini neno linalomfanya kijana amuache baba yake nyumbani siku ya posa halijawahi kua utani. Aya ya 11 ya sura hiyohiyo, mbili tu kabla ya ile ya makabila, inakataza watu kuwadharau watu, huenda wakawa bora kuliko wao. Na Abu Dharr, sahaba mkubwa kabisa, alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake ambaye hakua Mwarabu, Mtume akamwambia wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahilia, yaani mambo ya kabla ya Uislamu. Hebu fikiria, Abu Dharr! Swala anaswali, jihadi amepigana, na bado kipande cha ujahilia kilikua kimebaki kwenye ulimi, na kilikua cha asili ya mtu.

Hapo Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Wazee waliotoka bara, huko Kongo, waliacha jina lao pale na halijafutwa hadi leo, ila ingia Ijumaa uone wanaoswali, Mndengereko, Mpemba, Mrangi, Msukuma, kila mtu yumo na hakuna anayeulizwa mlangoni. Jina linajulikana na mlango uko wazi, mimi hiyo aya ndo ninavyoielewa.

(Na kuna jambo moja nililiwaza nikisoma swali lako. Kimila Wamakonde wanahesabu ukoo kwa mama, na Wazaramo vilevile, kwa hiyo upande wa baba wangekuita Mzaramo na upande wa mama wangekupokea kama Mzaramo wao halali. Ungesema tu mimi Mzaramo ungepata pa kujificha kimila. Ila kisheria sisi tunafuata Surat Ahzab aya ya 5, waiteni kwa baba zao, huo ndo uadilifu zaidi mbele ya Allah.)

Sasa mzee. Hapa lazima niwe mkweli hata kama hutafurahi. Umeuliza kama Uislamu unamruhusu kukukataa kwa kabila. Kwenye madhehebu yetu ya Shafii wanazuoni wameiweka nasaba ndani ya kafaa, yaani kulingana kwa mume na mke, na kafaa ni haki ya binti na ya walii wake, wanaweza kuidai na wanaweza kuisamehe. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba mzee amezua jambo, amelikuta vitabuni. Imam Malik yeye aliangalia dini zaidi. Na mimi nikitazama mwenendo wa Mtume mwenyewe naona unatuvuta upande wa kusamehe. Fatima binti Qays alikua Mkureishi, kabila la Mtume mwenyewe, alipoachika na eda ikaisha wakamposa Muawiya na Abu Jahm, Mtume akamwambia muache huyu na huyu, olewa na Usama. Usama ni mtoto wa Zayd aliyekua mtumwa akaachwa huru, na mama yake ni Ummu Ayman, Mhabeshi. Fatima hakutaka mwanzoni, amelisema hilo mwenyewe, Mtume akarudia, akaolewa, na baadae anasema Allah akatia kheri ndani ya ndoa ile mpaka watu wakanitamania. Na Abu Hudhayfa, mtoto wa bwana mkubwa wa Makureishi, alimuozesha Salim binti wa kaka yake wa damu, na Salim alikua mtumwa aliyeachwa huru.

Hao Washihiri tunawaheshimu, masheikh wengi waliotusomesha pwani hii asili yao ni Hadhramaut na elimu ya Shafii tumeipata kwao. Ndo mana nina imani kwamba ukienda kwa mzee kama huyo na hadithi ya Fatima binti Qays, anaijua kabla hujamaliza kuisoma. Mnamuogopa kwa jambo ambalo hamjawahi kumuuliza. Huenda binti kakisia vibaya, huenda kakisia sawasawa, lakini uamuzi ni wa mzee na nyie mmemuibia.

Cha kufanya ni hiki. Kwanza toba, wewe na binti wote, mana yeye ndo alitoa shauri. Binti amwambie mama yake kwanza, kina mama wanajua saa ya kuongea na waume zao. Alafu wewe uende mwenyewe, usitume meseji na wala usimtume mshenga, uongo ulitoka mdomoni kwako na ukweli utoke hapohapo. Usianze kwa kulaumu ubaguzi, ukianza hivo mzee ataona umekuja kumshtaki wakati mwenye kosa ni wewe. Sema nilikudanganya kuhusu babu yangu, nilichelea utanikataa, naomba msamaha, na mahari ukitaka kuyarudisha nitayapokea bila maneno.

Akikataa? Kuna watakaokwambia sheria ya ndoa ya 1971 binti akifika miaka 18 haimtaki ruhusa ya mzazi, nendeni bomani. Usiende huko, sisi ndoa bila walii hatuijui. Mtume hakusema mkatae mtu kwa kabila, alisema akikujieni mnayeridhia dini yake na tabia yake muozesheni, na maneno hayo mzee akiletewa na watu wazima anaowaheshimu, imam wa msikiti wake kwa mfano, yana uzito kuliko ukiyaleta wewe mwenye haraka. Mpe muda. Hata akdi ikisogea mwezi mmoja hakuna atakayekufa.

Narudi kwa baba yako sasa. Sijui ulimpa sababu gani siku ile, labda ulimwambia ni mazungumzo madogo tu, asijisumbue. Na yeye akanyamaza. Wazazi wanajua kijana wangu, wanajua na wananyamaza. Kabla hujaenda kwa mkwe nenda kwake umuombe radhi, na usizunguke maneno, mwambie niliona haya kwa chale zako na lafudhi yako. Atakusamehe, mimi nina hakika. Alafu utakapokwenda kwa mzee usiende peke yako wala na wajomba, nenda naye, avae kanzu yake, na aongee yeye kwa lafudhi yake ileile ya Newala, mana siku ya akdi utaitwa fulani bin fulani mbele ya watu wote na huyo fulani wa pili ni yeye.

Wallahu a'lam.