Maswali yenu kuhusu haidroidi mweupe wa baharini

Juzi niliweka picha ya haidroidi mweupe, jina lake la kisayansi Macrorhynchia philippina, na maswali yakamiminika, mengi ya hapa hapa Dodoma na mengine ya Kondoa na Singida. Maswali yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja.

Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu alipanda SGR kwenda Dar, wakavuka kisiwa cha Mbudya kuogelea, akashika kitu kama unyoya mweupe kwenye mwamba, mkono ukawaka moto hadi usiku. Ule ni mmea gani? (Mama wa Nkuhungu)

Marahaba mama, na mpe pole mdogo wako. Ule sio mmea, ni mnyama, tena sio mmoja, ni koloni nzima ya wanyama wadogo walioungana. Kwa maelezo yako naona ni huyu huyu au ndugu yake wa karibu. Shina lake ni la kahawia iliyokolea, karibu jeusi, matawi ni meupe, koloni inaweza kufika kama sentimita 30, na anapenda sehemu yenye mkondo wa maji maana chakula kinaletwa na mkondo, yeye hatembei. Ukimwona anayumba na maji kweli utasema ni jani, hata wataalamu wa Ulaya zamani walibishana miaka na miaka kama viumbe wa namna hii ni mimea au wanyama. Kinachokuonyesha ni mnyama ni kwamba kila kipolipi, yaani kila mnyama mdogo mmoja wa koloni, kina mdomo na mikono midogo ya kukamata windo, anakula, hajitengenezei chakula kwa jua.

Sasa akiguswa tena tufanye nini? (huyo huyo mama)

Atoke majini kwanza, asisugue, na asipake mchanga, kusugua ndio kunapasua vifuko vya sumu ambavyo bado havijapasuka. Asuuze kwa maji ya bahari, sio ya bomba, maana maji baridi yasiyo na chumvi nayo yanaweza kuvifyatua. Vipande vilivyonasa avitoe kwa kibano au kadi ngumu. Maumivu mara nyingi yanapungua ukiloweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiunguze. Akianza kupumua kwa shida, akivimba uso au akizimia, hapo ni hospitali moja kwa moja, msisubiri asubuhi.

Mwalimu naomba klasifikesheni yake yote, nasoma CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) Fomu Faivu, tunatakiwa kukusanya Jumatatu. (Kijana wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma)

Haya andika: himaya Animalia, faila Cnidaria (vitabu vya zamani wanaandika Coelenterata), ngeli Hydrozoa, oda Leptothecata, familia Aglaopheniidae, jenasi Macrorhynchia, spishi Macrorhynchia philippina, aliyeiandika ni Kirchenpauer mwaka 1872. Huyo Gustav Heinrich Kirchenpauer alikuwa meya wa Hamburg, Ujerumani, mwanasheria na mwanasiasa ambaye alikuwa anachunguza wanyama hawa pembeni ya kazi za serikali, mi napenda sana hiyo habari. Ukikutana na jina Lytocarpus philippinus kwenye vitabu vya zamani usichanganyikiwe, ni yeye yule.

Ila mdogo wangu usiikariri tu hiyo orodha ukaishia hapo, nakuomba, kwa sababu kila ngazi pale imetokana na kitu ambacho mtu alikiona kwa macho kwenye hadubini, na ukijua walikiona nini huwezi kusahau. Cnidaria ni kwa sababu ana seli za kuchoma, ambazo ndani zina nematosisti, kifuko chenye uzi uliojikunja kwa presha kubwa, kikiguswa uzi unafyatuka na sumu. Kwa Hydra, ambaye ni ndugu yake, walipima wakakuta mchomo wenyewe unachukua nanosekunde 700, yani haufiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Leptothecata ni kwa sababu kila kipolipi kinakaa ndani ya kikombe cha kitini (dutu ngumu kama ya ganda la mdudu), kinaitwa haidrotheka, kikitishwa kinajikunyata humo ndani. Wenzao wa oda ya Anthoathecata hawana hicho kikombe, polipi yuko wazi.

Afu sasa familia, hapa ndo patamu. Kwenye Aglaopheniidae vikombe vimepangwa mstari mmoja upande mmoja wa kitawi, ukingo wake kwa kawaida una meno, na kila kikombe kimezungukwa na vikombe vingine vidogo vitatu, kimoja mbele katikati na viwili pembeni. Hivyo vidogo vinaitwa nematotheka na ndani yake hakuna polipi wa kula, kuna askari tu waliojaa nematosisti. Kwa hiyo mkono wa mtu ukipita pale unakutana na maelfu ya askari kwa mpigo, ndo maana yule mdogo wake mama aliungua vile. Na jenasi je? Angalia sehemu za uzazi: kwa jenasi ya Aglaophenia zinafungiwa ndani ya kitu kama kikapu, kwa Macrorhynchia zinakaa kwenye matawi maalumu yaliyobadilika umbo, hakuna kikapu. Ukiandika hivyo Jumatatu mwalimu wako atajua umeelewa.

Ana moyo? Ana ubongo? (Ipagala)

Hana vyote viwili. Ana tabaka mbili za seli, ektodemi na endodemi, katikati ute mzito uitwao mesoglea, na mtandao wa neva. Tumbo limeunganishwa koloni nzima kupitia mrija wa nyama ndani ya shina, kwa hiyo polipi mmoja akila na wenzake wanapata. Njia ya chakula ni moja, kinapoingilia ndipo mabaki yanapotokea.

Obelia, haidroidi tunayosoma darasani, anatoa medusa (umbo kama mwavuli mdogo) anayeogelea, na Hydra hatoi kabisa. Huyu yuko upande gani? (Mwanafunzi, Mpwapwa)

Swali zuri sana hili, na jibu lake ni katikati. Obelia anatoa medusa kamili, anakula na kukua baharini. Hydra anaishi maji baridi (yasiyo na chumvi), peke yake bila koloni, mayai na mbegu vinatoka kwenye mwili wake mwenyewe. Macrorhynchia philippina anatoa medusoidi, kitu kinachoogelea kweli ila hakili, kinaishi muda mfupi, kinamwaga mayai au mbegu basi kimemaliza kazi. Lava, yaani mtoto anayetokea kwenye yai, anaitwa planula, anatafuta mwamba, anajishikiza na koloni mpya inaanza hapo.

Sisi wa bara maji baridi tu, tuna ndugu zake wowote? (Singida)

Tunao, na watu wengi hawajui. Ziwa Tanganyika lina medusa wake mdogo, Limnocnida tanganyicae, naye ni Hydrozoa ila oda nyingine, Limnomedusae. Mjerumani Richard Böhm ndiye aliyeripoti habari zake mwaka 1883, na wanasayansi walishangaa maana walizoea kuona medusa ni wa baharini. Mwenye ndugu Kigoma amuulize.

Naweza kuchukua kipande baharini nikakitazame kwenye maikroskopu ya shule? (Kondoa)

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, usichukue kitu bila kibali, na kwa mikono mitupu usijaribu popote pale maana hata kipande kilichokatika bado kinachoma. Ulizia maabara ya shule kama wana slaidi ya Obelia, mara nyingi ipo. Anza na lenzi ya chini, utafute kikombe chenye polipi mwenye mikono, afu kile kirefu kisicho na mikono ambacho ndani yake vimedusa vinachipua. Hapo pandisha lenzi, uchore unachokiona wewe, sio cha kwenye kitabu.