Kabla ya kufungua kitabu cha mekanika ya giligili, shusha kamba kisimani

Pampu ilikuwa mpya, imetolewa katonini siku ile ile. Nilikuwa nimemaliza diploma miezi mitatu nyuma, na kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kwenye shamba moja la Hindi, upande wa bara wa Lamu: kutoa maji kisimani na kuyapandisha hadi kwenye tangi. Niliifunga pampu kwenye zege kando ya mdomo wa kisima, chini ya kibanda cha mabati. Nikaijaza maji, nikawasha. Ikanguruma, kisha ikaanza kutatarika ndani kana kwamba imemeza kokoto. Bombani yakatoka maji ya kudondoka tu. Nikabadilisha gasketi. Nikafungua viungo vyote na kuvifunga upya kwa tepu. Siku ya pili nikamwambia mwenye shamba kwamba tumeuziwa pampu mbovu.

Akapita mzee mmoja fundi wa visima, kamba begani. Pampu hata hakuitazama. Alifunga jiwe kwenye kamba, akaliteremsha mpaka likagusa maji, akaivuta na kuipima kwa mikono yake miwili.

“Pima tano kasoro kidogo,” akasema. “Hapa haivuti, mwanangu. Iteremshe.”

Alikuwa na haki. Na sababu yake ilikuwa imeandikwa kwenye sura ya kwanza ya kitabu nilichokibeba miaka mitatu, sura ya tabia za giligili, yaani viowevu na gesi, ile tuliyoipitia mbiombio darasani ili tufike kwenye kanuni ya Bernoulli. Ninawaandikia nyinyi mnaoianza sasa, hasa wadogo zangu wa huku pwani, kwa sababu sura hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hesabu zinazofuata zote zinakula kutoka kwake.

Tuanze na kile kisima. Pampu haivuti maji. Inachofanya ni kupunguza presha ndani ya bomba, na hewa iliyo juu ya kisima ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Torricelli, mwanasayansi wa Italia, alilielewa jambo hili tangu miaka ya 1640. Presha ya hewa usawa wa bahari ni kama kilopaskali 101.3. Ukiigawa kwa densiti ya maji, kilo 1000 kwa mita ya ujazo, na kwa nguvu ya mvutano wa dunia, 9.81, unapata mita 10.3. Huo ndio mwisho wa maji kupanda, hata kama pampu ni ya bei gani.

Lakini hata hizo 10.3 huzipati zote. Maji yana presha ya mvuke. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, presha ikishuka hadi kilopaskali 4.2 hivi, maji yanachemka yakiwa hayajapashwa moto. Toa karibu nusu mita. Toa msuguano wa bomba na viwiko vyake. Toa kiasi ambacho pampu yenyewe inakihitaji mlangoni mwake. Unabaki na mita sita au saba. Zile pima tano kasoro za mzee ni karibu mita tisa, na hizo ndizo nilizokuwa nadai. Zile kokoto nilizozisikia zilikuwa mapovu ya mvuke yanayozaliwa kwenye presha ndogo na kupasuka yakifika penye presha kubwa. Hali hiyo huitwa kavitesheni, na ukiiachia inatafuna panga za pampu mpaka zinakuwa na vishimo kama jiwe la matumbawe.

Mnato nao uliniangusha chuoni. Swali la mtihani lilikuwa fupi: maji na hewa, kipi kina mnato mkubwa wa kinematiki? Nikaandika maji, tena kwa hati nzuri. Nilikuwa naufikiria mkono wangu ukikata bahari, sikuisoma sehemu ya mwisho ya swali. Ule mnato wa kawaida, yaani nguvu inayohitajika kuteleza tabaka moja juu ya jingine, kwa maji ya nyuzi 20 ni milipaskali-sekunde 1.0 na kwa hewa ni 0.018. Hapo maji yanashinda kwa mbali. Ila mnato wa kinematiki ni huo huo uliogawanywa kwa densiti. Maji unayagawa kwa 1000, hewa unaigawa kwa 1.2, na ghafla hewa inakuwa na mnato mkubwa kama mara 15. Hewa ni nyepesi mno, kwa hiyo hata msuguano mdogo unatosha kuibadilisha mwendo. Mtu akikutajia mnato, muulize kwanza ni upi na kwenye joto gani.

Suala la joto usilifanyie mzaha. Asubuhi ya Julai, kusi ikivuma, chukua chupa mbili za mafuta ya nazi. Moja iache dirishani usiku kucha, nyingine iweke kwenye sufuria ya maji moto. Dondosha gololi katika kila chupa. Kwenye ile ya moto gololi inafika chini kabla hujatoa mkono. Kwenye ile ya baridi inashuka polepole zaidi, na mafuta yakiwa yameanza kuganda inakaa juu tu. Mafuta ni yale yale, chupa ni zile zile. Ndiyo maana namba 40 kwenye kopo la oili ya injini inahusu mnato uliopimwa kwenye nyuzi 100, joto la injini inayofanya kazi. Wengi hudhani ni uzito. Gesi hufanya kinyume: hewa ikipata joto mnato wake unaongezeka, kwa sababu chembe zake zinagongana na kusukumana zaidi, wakati kwenye kiowevu joto linalegeza chembe zilizokuwa zimeshikana.

Na ukitaka kuamini kwamba giligili hushikamana na kitu inachopita juu yake, zima panka ya dari uangalie mapanga yake. Yamezungushwa mwezi mzima na bado yana vumbi. Tabaka la hewa linalogusa panga linakwenda pamoja nalo, halipeperushi kitu. Kila mchoro wa kasi ya maji ndani ya bomba, ule unaoanza na sifuri ukutani, umesimama juu ya vumbi lile.

Densiti watu huiona rahisi, na mimi niliiona hivyo mpaka nilipoelewa maji ya Shela yanakaa vipi. Maji tunayokunywa mjini Lamu yanatoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na bahari iko hapo hapo. Mvua inazama mchangani na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Kinachoyaweka mbali ni tofauti ndogo tu: 1000 kwa maji matamu, kama 1025 kwa ya bahari. Gawa 1000 kwa 25, unapata 40. Maana yake, kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Wataalamu wawili, Ghyben na Herzberg, walilieleza hilo, kila mmoja kivyake, karne ya 19 ikielekea kwisha na ya 20 ikianza.

Sasa ligeuze. Ukivuta maji kwa pupa hadi usawa wake ushuke nusu mita, na ukaendelea hivyo, chumvi inaelekea kupanda mita 20. Hii ni hesabu ya maji yaliyotulia, na mchanga una tabia zake, lakini mwelekeo ni huo. Kwa hiyo nikisikia mtu anataka kujenga au kuchota mchanga juu ya vilima vile, moyo wangu hauko shwari. Tofauti ya asilimia mbili na nusu ndiyo inayotunywesha. Tofauti hiyo hiyo hulizamisha jahazi zaidi kidogo likitoka baharini na kuingia maji ya Tana pale Kipini, bila mtu kuongeza hata jiwe moja la farumi.

Mvutano wa uso, ile hali ya uso wa maji kujikaza kama utando, nao una makao yake Mji wa Kale wa Lamu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zina vitundu vidogo vidogo. Maji hupanda kwenye tundu jembamba, na kadiri linavyokuwa jembamba ndivyo yanavyopanda juu: tundu lenye kipenyo cha milimita 2 huyapandisha kama milimita 15, la mara mia nyembamba zaidi huweza kuyafikisha mita moja na nusu. Yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki, plasta inabanduka kama magamba. Nimewaona wenye nyumba wakipiga plasta ya saruji kuyazuia. Wasifanye hivyo. Saruji inaziba njia ya kukaukia, maji yanapanda zaidi na kutokea juu yake. Chokaa inaruhusu ukuta upumue. Ukibanduka, unapiga chokaa tena.

Kugandamizika sitakawia nako. Ili upunguze ujazo wa maji kwa asilimia 1 unahitaji presha kama mara 200 ya hewa, ndiyo sababu kwenye hesabu nyingi tunayachukua kuwa hayagandamiziki. Usukani wa haidroliki wa boti ukiwa laini mkononi, tafuta hewa ndani ya mabomba. Maji na oili havibonyei hivyo.

Ushauri wangu wa kusoma ni daftari dogo. Kila giligili ukurasa wake: maji matamu, ya bahari, dizeli, petroli, mafuta ya nazi, hewa. Andika densiti, mnato, presha ya mvuke, na kando ya kila namba andika joto lake na kipimo chake. Namba isiyo na joto usiiandike. Kisha nenda ukaione kwa macho, kwa gololi, kwa sindano inayoelea bakulini hadi utie tone la sabuni. Mwalimu wangu alitupa jedwali zima tulikariri, nami sikuwahi kugusa hata kimoja kati ya vitu vilivyokuwamo.

Kule Hindi tulitengeneza jukwaa la boriti ndani ya kisima, pima mbili chini, tukaishusha pampu hapo. Ilikuwa ya umeme. Ya petroli usiiteremshe kamwe, moshi wake unaua mtu kisimani kimya kimya. Bomba la kufyonzea nililibadilisha nikaweka pana zaidi, maana bomba likipungua nusu ya upana, kwa maji yale yale msuguano unaongezeka kama mara 32. Nikawasha. Zile kokoto hazikusikika. Tangi lilijaa kabla ya adhuhuri.

Siku hizi nina kamba yangu, ina fundo kila mita na jiwe mwishoni. Inashuka kisimani kabla katoni ya pampu haijafunguliwa.